Mashine Nne kutoka Makongolosi

Mbeya, 6 Machi 1956

Dada yangu Mwantumu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mfikishie Mama kabla hujaikunja barua hii. Mimi mzima, ila nina mafua ya baridi, ambayo hapa Mbeya hayahesabiwi kuwa ugonjwa. Mvua haijakatika tangu Jumatatu. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie mafuta ya kondoo aliyoagiza nimeyapata, nitampa dereva wa kwanza ninayemwamini.

Sasa, dada, kaa kitako. Kama sufuria iko motoni, iteremshe.

Wiki mbili zilizopita nilipanda lori kwenda Makongolosi. Najua utauliza nilikwenda kutafuta nini Makongolosi na ninyi mlinituma Ubaruku. Njia ya Ubaruku ilikuwa na matope. Ya Makongolosi nayo ilikuwa na matope, lakini si matope ya namna ile. Huko dhahabu inakwisha, Wazungu wanafunga mizigo yao, na klabu waliyokuwa wakinywea ilikuwa inapigwa mnada: viti, bilauri, kichwa cha nyati, na mashine nne za kuchezea. Dada, mashine hizi unatia senti, zenyewe zinafanya kazi. Hazili, hazidai mshahara, hazifiwi na shangazi siku ya soko.

Ya kwanza ni gramafoni kubwa kama kabati, ukitia senti inaimba. Ya pili ina mpini wa kuvuta na picha za matunda zinazozunguka. Yakitokea matatu yanayofanana, inakutemea senti. Ya tatu ina vishikio viwili vya kukamua, mshale unaonyesha nguvu zako. Ya nne ni mizani ya kupimia watu, hiyo haina maana, ilikuja kwa kufuatana na wenzake. Zilitengenezwa kwa ajili ya peni ya Kiingereza, lakini Asukile, fundi baiskeli niliyepanga kwake, alichukua senti kumi yetu yenye tundu, akaitumbukiza, ikapita kama mtoto wa nyumbani.

Nimefikiri sana ipi itakayoingiza zaidi. Ni gramafoni. Binadamu anaweza kuishi bila nyama, hawezi kuishi bila muziki.

Kuhusu mchele, usiwe na wasiwasi. Mchele uko Ubaruku na haukimbii.

Nduguyo akupendaye,
Alawi


Iringa, 27 Machi 1956

Kwa ndugu yangu Alawi,

Marahaba. Mama naye anaitikia, na goti lake linasema mvua itaendelea. Alilazwa siku nne kwa homa, sasa ametoka, ila amekonda. Bwana mganga amemwambia ale, na yeye anakula akinuna. Mafuta ya kondoo hayajafika.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta gunia ndani yake. Sikuliona.

Alawi, mimi na Mama tulikupa fedha ya magunia kumi ya mchele wa Ubaruku. Unajua hoteli hii ina meza nne na sufuria mbili. Tangu mume wangu afariki ndiyo inayotulisha, na madereva wanaokula hapa hawaji kwa sababu ya sura yangu, wanakuja kwa sababu ya wali. Sasa nanunua mchele dukani kwa vibaba, mchele wenye mawe. Jumamosi mtu mmoja wa lori la mbao alitafuna jiwe, akalitoa mdomoni, akaliweka mezani mbele yangu. Afadhali angetukana.

Hao Wazungu kama mashine zao zilikuwa zinaingiza, mbona wamefilisika wao?

Mchele.

Dada yako,
Mwantumu


Mbeya, 22 Aprili 1956

Dada Mwantumu,

Shikamoo, na pole sana kwa Mama. Kila nikisali namtaja. Mimi mzima, mafua yamehamia kwa Asukile.

Swali lako juu ya Wazungu lilikuwa zuri nikakaa nalo siku mbili. Jibu ni kwamba walikosea mahali pa kuziweka. Mimi nimeziweka kwenye kibanda karibu na soko, na watu wamejaa mpaka mkuu wa soko amekuja kuuliza ni nani amekufa.

Ila kuhusu gramafoni nilikosea kidogo. Ilikuja na sahani sita. Katika tano, Wazungu wanaimba kama watu wanaoumwa jino. Ya sita ni ya tarumbeta, nayo watu wanaipenda mno. Lakini, dada, mtu mmoja anatia senti kumi, watu arobaini wanasikia! Nikaiingiza ndani, wakasimama dirishani. Nikafunga dirisha, wakaweka masikio kwenye bati. Anayepata faida ya gramafoni yangu ni Andendekisye, mama mmoja anayechoma ndizi. Ameleta jiko lake hapohapo nje, na kila sahani ikiisha ananipigia kelele, "Alawi, washa tena, watu wanaondoka!" Siku ya tatu alitia senti zake mwenyewe ili wateja wake wasitawanyike. Hiyo ndiyo senti pekee ya siku ile.

Nimejifunza jambo: kitu kinachosikiwa na wote hulipiwa na mmoja. Kwa hiyo inayoingiza zaidi siyo gramafoni, ni ile ya mpini. Hapa wameiita Mla-senti. Matunda yake hatuyajui. Moja jekundu Asukile anashikilia kuwa ni kitunguu chenye kijiti. Lakini watu wanavuta! Anayeliwa anavuta tena ili arudishe, anayepata anavuta tena kwa sababu amepata. Wote wawili wanaishia kwangu. Wiki hii imeingiza kuliko gramafoni katika mwezi mzima.

Ili kukuonyesha kwamba sikusahau nyumbani, nakutumia zawadi kwa lori la viazi: ile mizani. Iweke mlangoni, ni pambo zuri, ina kioo.

Mchele uko njiani kwenye mawazo.

Nduguyo,
Alawi


Iringa, 2 Juni 1956

Ndugu yangu Alawi,

Marahaba. Mimi mzima, Mama naye anaendelea vizuri kuliko ulivyomwacha. Mafuta ya kondoo yamefika nusu chupa, dereva wako anasema njia ni mbaya.

Nimechelewa kujibu kwa shughuli.

Zawadi yako ilifika imelazwa juu ya viazi kama maiti. Ni ndefu kuliko mimi, nyembamba, na juu ina uso kama saa ya stesheni. Mguu mmoja ulikuwa umepinda. Wanaume watatu waliishusha wakauliza niiweke wapi, nikawaambia waiulize Mbeya. Imekaa mlangoni, inaziba njia, kila mteja mnene anajigonga. Mtu mmoja wa Mafinga, Selemani Kalinga, msimamizi kwenye mashine ya mbao, ambaye huja Iringa na lori kila Jumamosi, aliunyoosha mguu wake kwa nyundo na hakutaka malipo. Ndiye yule wa jiwe.

Mama alipanda kujaribu. Ikasema ratili mia na kumi na tisa. Hospitali mwezi wa tatu walimwambia mia. Alishuka pale akamshukuru Mungu kwa sauti, akaenda kwa jirani kuwaambia, akarudi akala sahani mbili. Jirani naye akaja. Watu wengine nao wanapanda mara mojamoja.

Hapana jipya zaidi.

Dada yako,
Mwantumu


Mbeya, 24 Juni 1956

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenitia hofu. Nimeigeuza mbele na nyuma, hukuniuliza mchele. Unaumwa? Kama kuna jambo mnanificha, niambieni. Mimi ni mtu mzima.

Mimi mzima, ila Mla-senti amepatwa na msiba. Nitakueleza ilivyokuwa ili usisikie kwa watu. Yuko hapa mzee wa kanisa anaitwa Jailos, mtu wa heshima, ana migomba mingi huko mlimani. Alikuja sokoni kununua chumvi. Alipopita hapa, akauliza kwa dharau kile ni kitu gani. Nikamwonyesha. Saa tano asubuhi hiyo. Saa tisa alasiri bado alikuwa ameshika mpini. Akatokea mkewe Tusekile, begani ana mchi mpya alioununua.

"Jailos, chumvi iko wapi?"

Hakugeuka. "Ngoja kwanza."

"Unangoja nini?"

"Nangoja kitunguu cha tatu."

Mama yule aliushusha mchi begani, akaupiga Mla-senti ubavuni, pigo moja tu, la mtu aliyetwanga maisha yake yote. Mashine ikalia kengele ikatapika senti zote za tangu asubuhi. Watu wakashangilia, "Mama ameshinda! Mama ameshinda!" Tusekile akatandika khanga, akazoa, akamshika mumewe mkono, wakaenda zao. Nani angemzuia mtu mwenye mchi? Kesho yake walikuja wanawake sita, kila mmoja na mchi wake, wakitaka kucheza. Nilifunga mlango. Keshokutwa akaja askari wa bomani, akasema mchezo ule ni kamari na hauna ruhusa, akaipakia kwenye toroli.

Lakini nisikilize: Mla-senti hakuwa ndiye hasa. Inayoingiza zaidi ni ya kukamua! Mwanaume akipata sitini, mwenzake lazima apate sabini, na mwenye sabini hawezi kurudi kwake akalala na sabini kama yupo wa themanini. Wanalipa ili wasidharauliwe. Hiyo haina mwisho.

Jambo dogo kabla sijafunga. Dereva wa viazi ananiambia mlangoni kwako kuna foleni siku ya Jumamosi, na foleni yenyewe si ya chakula. Nadhani mizani ile inahitaji matengenezo. Nirudishie kwa lori lolote, nitaishughulikia mwenyewe.

Nduguyo,
Alawi


Iringa, 8 Julai 1956

Alawi,

Marahaba. Sote wazima.

Zawadi hairudi. Ulipoitoa hukusema ni ya kuazima.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa kupenda elimu, nitakupa kidogo. Gramafoni inasikiwa na wote, umesema mwenyewe. Ya kamari inawafanya wake za watu wanunue michi. Ya kukamua inamfurahisha mmoja na kuwaudhi kumi. Lakini kila mtu ana mwili mmoja na anataka habari zake, na habari hizo wiki ijayo zimeshachakaa, anataka mpya. Halafu mimi nimeshona kipazia cheusi, nimekitundika mbele ya ule uso wa saa, mtu anaingiza kichwa chake ndani anasoma peke yake. Nje hakionekani kitu. Anayetaka kujua ya mwenzake hana la kufanya ila naye alipe apande, walinganishe kwa maneno. Fundi cherehani wa jirani hupanda asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya wali. Kalinga hupanda kila Jumamosi, hakosi, mvua na jua. Kalinga anasema mashine ya namna hii hata Mafinga ingejaza watu. Wote wanashuka wanacheka, sijui kwa nini. Sijapata kuona mashine inayowafurahisha watu hivi.

Mchele sijausahau. Nilikuwa nakupumzisha.

Mwantumu


Mbeya, 3 Agosti 1956

Dada yangu Mwantumu,

Shikamoo kwako na kwa Mama. Nakuandikia asubuhi kabla moyo haujabadilika.

Lori linaloleta barua hii limebeba magunia saba ya mchele wa Ubaruku, mavuno ya mwaka huu, nimeyachagua kwa mkono wangu. Yangekuwa kumi, lakini ni saba. Gramafoni nimemwuzia mwenye kilabu mmoja wa Tukuyu. Ile ya kukamua alikuja kuli mmoja, mtu anayebeba magunia mawili kwa mara moja, akaikamua mpaka springi ikatoka ikaruka juu ya paa la jirani. Kuku wa jirani hawajataga tangu siku hiyo.

Sasa ile mizani. Dada, nilikuwa najua kitu sikukwambia. Inazidisha. Nilipoileta sokoni wauza mchele walipandisha gunia lao lililokwisha kupimwa, ikaongeza ratili kumi na nane. Wakapandisha jingine, kumi na nane vilevile. Walicheka wakaniambia nikaiuze kwa wauza ng'ombe. Ndiyo sababu niliona haina faida, nikaifanya zawadi. Sikukwambia kwa kuwa zawadi yenye kasoro si zawadi, na nilitaka uone kwamba nimekupa kitu.

Uliposema watu wanashuka wanacheka, nilicheka na mimi. Usiku ule nikakumbuka maneno ya marehemu Baba juu ya mtu mwenye mizani isiyo sawa, sikucheka tena. Asukile anaweza kuja kuitengeneza.

Usidhani nasema haya kwa wivu. Wivu ulikuwepo, lakini umepungua.

Na Kalinga ni nani? Katika barua ndogo kama ile umemtaja mara mbili, Mama hukumtaja hata mara moja.

Nduguyo,
Alawi


Iringa, 14 Oktoba 1956

Ndugu yangu Alawi,

Marahaba. Mama mzima, anakusalimu sana. Mchele ulifika, magunia saba, moja limetoboka. Mama alipika siku ileile akasema huu ndio mchele. Ahsante. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kwanza nilikasirika, halafu nikaona haya, halafu nikawa na kazi nyingi.

Barua yako ilipofika nilichukua kiroba cha unga cha ratili hamsini nikakipandisha. Sitini na nane. Nilikishusha, nikakipandisha tena, kana kwamba unga ungeona aibu ukasema kweli. Sitini na nane. Nikajiambia: mimi sipunji mtu. Anayepunja hutoa pungufu, mimi nazidisha, na waliozidishiwa wamefurahi. Nikaona ni hoja nzuri. Nilikaa nayo siku tisa.

Siku ya kumi, Jumamosi, hoteli imejaa, akaingia Filemoni. Humjui. Ni Mbena wa upande wa Njombe, alikuwa akiniletea kuni, mtu mzima mwenye mke mjamzito na shamba lililokataa. Alitaka kwenda kwenye migodi ya kusini. Wanaoandikisha watu hawamchukui aliye chini ya ratili mia na ishirini, basi alikuwa akija kujipima kwangu. Alipofika mia na ishirini na sita alinipa mkono wa kwaheri, akauza mbuzi wake wawili, akapanda lori kwenda Mbeya. Kule mizani yao ikasema mia na nane. Wakamwambia, nenda kale kwanza.

Alawi, angepiga kelele ningejua la kufanya. Hakupiga. Alitia senti kumi, akapanda, akaingiza kichwa kwenye kipazia, akashuka. Akaja mpaka kwenye sufuria nilipokuwa nimesimama.

"Mama," akaniambia, "ni mia na ishirini na sita palepale. Sasa hizi ratili kumi na nane nilizidondosha wapi njiani?"

Watu wote waliacha kutafuna.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema mizani ya kule ndiyo mbovu. Wangeniamini. Mbeya ni mbali na mimi ni mtu wao. Lakini nilimtazama miguu, alikuwa amerudi kwa miguu sehemu kubwa ya safari, nikashindwa.

"Ni mizani yangu," nikasema. "Inazidisha. Nimejua siku kumi hizi na sikusema. Makosa ni yangu."

Fundi cherehani akasimama na kijiko mkononi. "Kwa hiyo mimi si mia na hamsini?"

"Hapana, ndugu yangu."

Akaketi kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Ndipo Kalinga aliponyanyuka mezani kwake. "Mwacheni," akasema. "Mimi nilijua tangu siku nilipounyoosha mguu wa mizani hii. Kazini tunapimwa na daktari, najua ratili zangu."

Fundi cherehani akamgeukia. "Ulijua! Na kila Jumamosi unatoa senti yako unapanda?"

"Natoa."

"Basi unanunua nini?"

Alawi, huyu ni mtu anayeshinda akipiga kelele juu ya misumeno. Alitazama viatu vyake. Akasema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu akasikia: "Nanunua sababu ya kusimama mlangoni hapa."

Mimi nilikuwa na mwiko mkononi, sikujua niuweke wapi. Mama ndiye aliyesema, kutoka chumbani: "Si useme basi, baba! Senti zote hizo!" Hapo ndipo hoteli nzima ilipovunjika mbavu, hata Filemoni.

Kalinga alifungua mgongo wa mizani kwa bisibisi, akakaza skrubu, tukapandisha kiroba mpaka ikasema hamsini. Jumatatu mji mzima wa Iringa ulikuwa umekonda. Watu walikuja kunilaumu. Mwenye bucha alisema nimemrudisha nyuma miaka mitano. Mwalimu wa chuo alinipongeza kwa kusema kweli, akapanda, akashuka, hakunipongeza tena. Mama amekataa kupanda kabisa. Anasema yeye anabaki na ratili zake za zamani, alizopewa kwa halali.

Filemoni nilimrudishia nauli na thamani ya mbuzi, na wiki tatu alikula hapa bure. Kalinga amemtafutia kazi Mafinga ya kupanga mbao. Mkewe amejifungua mtoto wa kike. Migodi ya kusini hajaitaja tena.

Mapato ya mizani yamepungua, siyo siri. Lakini sasa wanakuja wanawake na watoto wachanga. Mzazi anapanda na mtoto, halafu anapanda peke yake, na mimi natoa hesabu ya tofauti. Wananiamini. Mmoja ametoka Kalenga kwa miguu akiwa na mapacha.

Umeuliza Kalinga ni nani. Alifiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita, ana watoto wawili wakubwa, anasali, hanywi. Ameleta posa. Nimemwambia baba yetu hayupo, mwenye kuniozesha ni ndugu yangu aliye Mbeya, aende kwake kwanza. Atakuja. Mpokee vizuri, na usimchezeshe mashine yoyote.

Dada yako,
Mwantumu


Mbeya, 30 Oktoba 1956

Dada yangu Mwantumu,

Shikamoo, dada. Shikamoo, Mama. Leo nawasalimu nimesimama.

Kalinga alifika Alhamisi. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa kanzu ya Baba, nimeandika maswali kumi na moja kwenye karatasi. Alikaa kwenye benchi la Asukile kofia mkononi, akasalimu watu wote mpaka wateja wa baiskeli. Swali la kwanza nilimwuliza anakutakia nini.

"Siku ile angeweza kudanganya," akasema, "na sote tungemwamini. Hata mimi ningenyamaza. Akasema kweli mbele ya watu, mwiko mkononi. Mke wa namna hiyo nitampata wapi tena?"

Nikatazama karatasi yangu. Maswali yote kumi yaliyobaki yalikuwa ya kijinga. Nikamwambia, kwa upande wangu nimeridhia, na jambo hili liwe la kheri. Tukasoma dua palepale. Asukile, ambaye ni Mkristo, aliinamisha kichwa akasema amina kwa sauti kuliko sisi.

Halafu Kalinga akaniuliza, kwa adabu tu, kama watu wanavyoulizana, "Na biashara ya mashine inaendaje, shemeji?"

Nikasema, "Haijambo, inakwenda."

Asukile akaacha kuziba mpira aliokuwa ameushika. "Ugwe, wewe Alawi," akasema, "huyu ni mtu wa nyumbani sasa. Mwambie."

Basi nawe nakwambia, kwa sababu tangu mwezi wa nane sijakwambia. Hakuna biashara. Yale magunia saba ndiyo yalikuwa mashine zote, na akiba yote, na saa ya mkononi. Kibanda nimerudisha. Lile sanduku la mashine ya kukamua, kuku wa jirani wanalala ndani yake. Ninaziba mipira ya baiskeli kwa Asukile, ndiye anayenilisha, na hajanitamkia hata siku moja kwamba nimekula kwake. Barua zako nilikuwa nazisoma jioni mlangoni pake nikicheka, watu wakadhani napata habari za faida.

Unisamehe kwa mchele ule. Si mchele hasa. Ni ile kuandika "usiwe na wasiwasi" nikijua fedha yenu imekwisha kwenye mashine.

Kalinga ananiambia akikuoa atakuwa Mafinga siku sita za wiki mpaka apate uhamisho, na wewe huwezi kuiacha hoteli, na Mama hapandi tena ngazi za duka. Nikafikiri labda mtu wa kubeba magunia na kufungua mlango anahitajika. Sitaki mshahara. Stoo ya kuni inanitosha kulala. Kama umechoka nami, sema tu, nitakuja kukuozesha nirudi Mbeya, na sitanuna.

Neno moja la mwisho, halafu nafunga. Kuna klabu nyingine Makongolosi inafungwa mwezi ujao. Wana mashine moja ya kutabiri: unatia senti, mwanamke wa mbao anainamisha kichwa, inatoka karatasi yenye bahati yako. Dada, hebu fikiri mwenyewe: habari za mwili wanazo kwako, habari za kesho hawazipati kwa mtu. Hii nakuapia ndiyo inayoingiza kuliko zote. Mwenye mnada ananifahamu, atanikopesha. Naweza kupitia huko kwanza, ni mzunguko mdogo tu.

Nduguyo anayekungoja,
Alawi


SIMU
Kutoka Iringa, 6 Novemba 1956
Kwa Alawi, kwa Asukile fundi baiskeli, Mbeya

NJOO. CHUMBA TAYARI. MASHINE ACHA HUKO. MWANTUMU